Tangu Lini Unajua Maua

Nizwa, 6 Februari 1998

Dada yangu Kazija,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Sur, mtaani Aija, na mguu wa shemeji Hood umepoa baada ya kusimama kwa muda mrefu kwenye sala ya Idi. Sisi huku hatujambo. Huwaida alinipikia siku zote tatu za Idi, mpaka nikamwambia sasa mwanangu pumzika, nawe una mume na watoto. Akanuna. Wanawe wamerudi skuli, na yule mdogo kang'oka jino la mbele, kwa hivyo kila neno lenye "s" linatoka na upepo.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu yangu iko ukumbini, na ukumbini kwangu hakukosi mtu. Tena wewe kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaitunga mwenyewe.

Nilikwenda kwa daktari kwa sababu ya kuhema. Usishtuke. Amenipima kila kitu akasema moyo wangu haumwi, umezoea uvivu tu. Miaka ishirini na mbili nilikaa kwenye kiti cha ofisi ya maji nikiandika vina vya visima vya watu, na tangu nistaafu nimehamia kwenye kiti cha nyumbani. Amri yake ni kwamba nitembee saa nzima kila siku baada ya sala ya alfajiri, bila kukosa.

Nimeanza Jumatatu. Siku ya kwanza nilihesabu hatua. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nilifuata njia inayopita kandokando ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia, katikati ya mashamba ya mitende, na hapo hesabu ikanipotea. Ilikuwa baridi ya kuuma masikio, na maji ya mfereji yalikuwa yanatoa moshi. Nilidhani macho yangu. Nikainama nikatia mkono: yana moto, kama maji ya kuogea mtoto. Yanatoka chini ya ardhi na joto lake. Dada, mimi nimeishi mji huu karibu miaka ishirini na tano, kazi yangu ilikuwa maji, na jambo hili sikulijua, kwa sababu asubuhi za baridi sikuwahi kutoka nje ila kwa gari.

Mbele kidogo kuna mkunazi, na kunazi zimeiva, zimejaa chini. Nikaokota nikala pale pale njiani, mtu mzima wa miaka sitini na moja. Hakuna aliyeniona ila bibi mmoja mkongwe aliyekuwa anaota jua kwenye kiti penye shamba lao. Nilimwamkia kwa Kiarabu, akaniitikia kwa Kiswahili. Kumbe watu wa Bujumbura. Alifurahi sana kupata wa kuzungumza naye.

Basi ni hayo. Nisalimie shemeji na mwanao Soud.

Mdogo wako,
Nadhir


Sur, 17 Februari 1998

Nadhir mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imesomwa mara mbili, mara moja na miye na mara moja na Hood, ambaye anasema mguu haujapoa na hautapoa, ila anakushukuru kwa kuuliza. Soud anaendesha gari la barafu la wavuvi, anarudi nyumbani ananuka nguru hata akioga. Huku baridi imebakia alfajiri tu. Jana nimepandisha mablanketi yote juu ya sakafu ya paa nikayaanika, na nilipoyateremsha yalikuwa yamebeba jua ndani yake, nikalala juu ya rundo zima kama paka mpaka adhuhuri. Heroe bado wako khorini, kwenye mkono wa bahari, lakini kila siku wanapungua. Leo nimehesabu kumi na moja. Nnapenda kuwatazama wanavyosimama kwa mguu mmoja, kama wanaosubiri kuitwa.

Sasa nisikilize. Daktari nimemsoma, na nnataka uniapie kwamba umeniandikia yote, hukuficha kitu. Maana umeniandikia kurasa nne. Tangu nikujue weye, na nimekujua tangu siku uliyozaliwa, hujapata kuandika kurasa nne. Huwaida alipozaliwa uliniletea mistari minne, na mmoja ulikuwa wa hali ya hewa.

Kunazi umenikumbusha Ghalia. Tulipokuwa tunatoka chuoni Malindi kule Unguja, yeye alikuwa na chumvi ameifunga kwenye pembe ya mtandio, tukizichovya humo. Mwalimu alidhani tunafunga hirizi. Mkeo yule alikuwa na akili ya kila jambo dogo. Ungemwambia habari za maji ya moto, angekwambia yeye alikuwa akijua siku zote, na kweli angekuwa akijua.

Tembea, lakini vaa kitu kifuani.

Dada yako,
Kazija


Nizwa, 26 Februari 1998

Dada Kazija,

Shikamoo. Nakuapia, moyo wangu haumwi. Nimekwenda tena kwa daktari, amesema niendelee hivi hivi. Huwaida anakusalimu, anasema atakuletea wanawe likizo ikija. Mume wake amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hivyo wanakula pamoja asubuhi na wote wamenenepa.

Kila siku kuna kitu kipya njiani, na ninaogopa nisipokiandika kitapita. Mindimu imechanua. Huioni kwanza, unaisikia kwa pua, unageuka ndipo unaona maua meupe madogo yamejificha chini ya majani, kwa nje yana rangi kidogo ya zambarau. Nyuki wameamka. Kuna ndege hudihudi mmoja anatembea mbele yangu njiani kama karani aliyechelewa kazini. Na mitende dume makarara yake yamepasuka. Dada, wewe umewahi kunusa unga wa mtende dume? Ni kama unga wa ngano uliokandwa karibuni. Shamba zima linanuka kama jikoni mwa mtu anayetaka kupika mkate.

Katika lile shamba la bibi wa Bujumbura wiki hii walikuwa wanaichavusha mitende. Mfanyakazi wao alikuwa juu ya mti, na mwenye shamba amesimama chini anagawa vishada vya maua ya dume, viwili kwa kila kole la mtende jike. Nilipopita mwenye shamba aliniomba nishike kapu, kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha unga. Nikashika. Mwenye shamba ni mtu mpole, anajua kila mtende kwa jina na tabia yake, ule mvivu, ule unaozaa mwaka huu ukapumzika mwaka ujao. Nilirudi nyumbani kanzu ina manjano kuanzia kifuani mpaka magotini, na Huwaida aliniuliza nimeanguka wapi.

Siku hizi nikipita bibi ananitengea kahawa. Mwenye shamba huwa ana kazi, lakini mara nyingine hukaa kidogo nasi. Mwenye shamba anasema mwaka huu baridi imekaa vizuri, haikuzidi wala haikupungua, kwa hivyo tende zitakuwa nzuri.

Ni hayo tu.

Nadhir


Sur, 7 Machi 1998

Nadhir,

Marahaba. Hood yuko vile vile. Mjukuu wangu mkubwa amefaulu mtihani, mdogo amemficha paka ndani ya kabati siku nzima. Leo asubuhi nimekaa barazani bila shali, mara ya kwanza tangu Novemba. Nimekaa tu. Chai imepoa mkononi na sikuona haja ya kuinywa haraka. Jirani amepita akaniuliza kama naumwa.

Heroe wamekwisha ondoka wote.

Barua yako nimeisoma mbele ya Hood kwa sauti. Nilipofika kwenye ua la mndimu lenye zambarau kwa nje, Hood akanyanyua kichwa akasema, "Huyu ni Nadhir yule yule?" Nami nakuuliza, tangu lini unajua maua? Ghalia aliotesha asumini mlangoni kwako miaka kumi, na siku moja ulimuuliza kile kichaka ni cha nini.

Tena nimehesabu. Huyu mwenye shamba umemtaja mara tano katika barua moja. Unanambia ni mtu mpole, unanambia anajua mitende, unanambia anavyosema juu ya baridi. Hujanambia jina lake. Sasa nnakuuliza suala moja, unijibu kwa neno moja: mwenye shamba anavaa kofia au anavaa shungi?

Tarehe ishirini mwezi huu itatimia miaka mitatu tangu Ghalia atutoke. Nitamsomea hitima hapa nyumbani. Najua utamsomea huko.

Kazija


Nizwa, 14 Machi 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Namshukuru Mungu kwa mjukuu aliyefaulu, na namwonea huruma paka.

Shungi.

Nimeikalia barua hii siku mbili. Sasa nitakueleza kwa mpango, kama nilivyokuwa nikiandika ofisini, maana vinginevyo sitaweza. Jina lake Mahfoudha. Ana miaka hamsini na mbili. Alifiwa na mumewe, yapata miaka kumi na moja. Alikuwa mwuguzi wa kituo cha afya hapa mjini mpaka juzi juzi alipoacha kazi ili amwangalie mama yake na shamba walilorithi. Mtoto wake mmoja yuko Maskati ana familia yake. Hatujawahi kukaa bila ya mama yake kuwepo. Sijamwambia lolote, wala yeye hajaniambia lolote. Tunazungumza habari za mitende, na za Bujumbura na Unguja, na mama yake anatusahihisha sote wawili.

Siku ile ya kapu, upepo ulipopiga, unga ulituenea usoni. Akacheka. Mimi pia nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikagundua kwamba sauti ile ya kicheko changu sijaisikia muda mrefu. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Akaniuliza, "Umeumia, kaka?" Nikasema hapana.

Huwaida sijamwambia. Nakwambia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyemleta Ghalia nyumbani kwetu, ukamshika mkono. Nyinyi mlikuwa marafiki kabla mimi sijawa mume wa mtu. Kama jambo hili unaliona baya, niandikie neno moja tu na mimi nitapita njia nyingine. Si kwa hasira. Nitapita tu njia nyingine.

Matunda ya mforosadi wao yameanza kuwa mekundu.

Mdogo wako,
Nadhir


Nizwa, 30 Machi 1998

Dada Kazija,

Shikamoo. Nakutangulizia heri za Idi Kubwa, wewe na shemeji na wote hapo nyumbani.

Wiki mbili zimepita sijapata barua. Nilipiga simu Jumamosi, Soud akaniambia uko msalani, nikapiga tena akaniambia umelala. Sikupiga mara ya tatu. Hitima ya Ghalia tumeisoma tarehe ishirini, watu walikuwa wengi, Huwaida alilia kidogo.

Nimeelewa. Ninatembea sasa upande wa barabara kubwa, kwenye lami, kwa saa ile ile. Ni njia iliyonyooka.

Nadhir


Sur, 4 Aprili 1998

Nadhir ndugu yangu,

Marahaba, marahaba, na unisamehe. Barua yako ya lami nimeikuta jana niliporudi safari, na nitakwambia safari gani. Hood hajambo. Wote hawajambo. Leo sina habari nyingine za nyumbani, maana sikuwepo.

Ile barua ya shungi ilinifika tarehe kumi na tisa, usiku wa kuamkia hitima. Niliikunja nikaitia chini ya msahafu. Nilikujibu mara tatu na mara tatu nikachana. Barua ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo sitaki uyajue. Ya pili ilikuwa na heri na baraka, na zote za uongo. Ya tatu ilikuwa haina kitu.

Sikuwa msalani, Nadhir. Nilikuwa nimekaa karibu ya simu.

Nikaona nisikuandikie mpaka nimwone mwenyewe. Alkhamisi Soud alikuwa na ruhusa, nikamwambia nipeleke Nizwa. Tulilala Ibra kwa dada yake Hood, alfajiri tukashika njia. Nimefika mji wako na sikubisha mlango wako. Ningeliona uso wako kwanza ningelia, na miye sikuja kulia. Tuliuliza shamba la watu wa Bujumbura, mtu wa pili tu akatuonesha.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Nikamwamkia, akaniuliza mwana wa nani, na kabla sijajibu akatoka mwanamke kwenye mindimu, mikono ina udongo, shungi limekaa upande. Akanitazama. Akasema, "Wewe ni dada yake Kaka Nadhir. Pua ni ile ile."

Nikamwambia ndiyo.

"Yeye mzima? Wiki nzima hatujamwona. Mama anauliza kila asubuhi."

Nikamwuliza, "Mama tu ndiye anayeuliza?"

Hakuinamisha kichwa wala hakucheka cheka. Akasema, "Mama anauliza asubuhi. Mimi nauliza mchana, nikiwa peke yangu." Halafu akaenda kunawa mikono.

Nikakaa na bibi kwenye jua. Forosadi zilikuwa zimeiva kweli kweli, zinadondoka zenyewe, na bibi alinipa kwenye kikombe mpaka vidole vyangu vikawa vyeusi. Kiswahili chao bwana, cha bara, bibi anasema "mimi naenda, mimi nakuja" kwa kila jambo, na nilitaka kumsahihisha nikajizuia. Nilikwenda na kinyongo, nakwambia kweli. Niliketi pale natafuta kosa. Mahfoudha akarudi na kahawa, tukazungumza. Nikamtaja Ghalia kwa makusudi, nikaona atafanyaje. Akaniomba nimweleze zaidi. Akaniuliza alikuwa anapenda nini, alikuwa anaimba, alikuwa mrefu? Nikasema na nikasema, mpaka jua likatufuata tukahamisha viti. Tangu afe Ghalia hapana mtu aliyeniuliza habari zake. Watu wote wananiambia nisubiri, au wananyamaza kwa kunihurumia.

Sasa nikwambie jambo nililokuficha miaka mitatu. Hospitali, wiki ile ya mwisho, siku uliyokwenda kubadilisha nguo, Ghalia alinishika mkono. Alikuwa anacheka, unamjua. Akanambia, "Wifi, Nadhir hawezi kukaa peke yake, atakuwa kama kabati. Akitaka kuoa mwache aoe. Lakini nakuusia, asiwe anayejua kupika kunishinda miye."

Sikukwambia. Nilijidanganya kwamba ulikuwa mzaha wa mgonjwa. Ukweli ni kwamba watu walipokuwa wakiniuliza, "Nadhir hajaoa?" nilikuwa nikijibu hajaoa kwa fahari, kama kwamba kukaa kwako hivyo ni kazi yangu miye. Nilipenda uendelee kuwa mume wa Ghalia ili niendelee kuwa wifi yake. Weye ukila peke yako huko, miye huku nimestarehe. Nisamehe kwa hilo, na usinijibu juu yake katika barua.

Adhuhuri wakatukaribisha ndani kula. Mahfoudha alipika mwenyewe: wali wa nazi na samaki. Nadhir, wali umeshikana, ukitoa tonge linakuja sinia zima. Samaki amekauka. Mchuzi una ndimu mpaka meno yanasimama. Soud alinitazama kwa huruma.

Nikala nikamaliza, nikaomba tena. Machozi yalinitoka, wakadhani ni pilipili.

Baada ya chakula nikamwambia bibi kwamba sisi tuna ndugu yetu, na baada ya Idi tungependa kuja kubisha hodi kwa heshima zote. Bibi akamtazama binti yake. Mahfoudha akasema, "Waje." Kisha akaondoa sahani.

Basi toka kwenye lami. Na mwambie Huwaida mwenyewe, leo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Dada yako,
Kazija


Nizwa, 2 Mei 1998

Dada Kazija,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mlifika salama mlipotoka harusini kwetu, na kwamba shemeji amewasimulia wavuvi wote wa gari la barafu namna alivyocheza kwa mguu mmoja. Huku sote wazima.

Kuhusu lile ulilosema nisilijibu, silijibu.

Nilikuwa sijakueleza vizuri ilivyokuwa kwa Huwaida, maana siku ya nikaha hatukupata nafasi. Nilimwambia siku ile ile barua yako ilipofika. Alikuwa anaosha vyombo. Aliviosha, akavisuuza, kisha akaanza kuviosha tena. Nikasubiri. Mwishoni akasema, "Baba, umenunua kofia tatu tangu Februari. Nilidhani utaniambia wiki ya kofia ya pili." Akafuta mikono, akakaa, akalia, na alipomaliza aliniuliza kama Mahfoudha ana presha, kwa sababu wauguzi wote wana presha. Sasa anakuja Jumatano na Ijumaa badala ya kila siku. Juzi nilimsikia anamwambia mumewe kwa simu kwamba hajui afanye nini na asubuhi zake. Nilimshauri atembee.

Mama mkwe tumemhamishia kwetu, na kiti chake. Shamba tunakwenda kila siku, sote watatu, mapema, kwa sababu kufika saa tatu jua limeshakuwa kali. Baridi imekwisha kabisa. Jana ulivuma ule upepo wa kwanza wa moto kutoka jangwani, watu wakaanza kufunga madirisha.

Leo asubuhi Mahfoudha alileta mtungi kutoka nyumba yake ya zamani, ule wa udongo wa kutundika, wa kupozea maji. Mimi nina friji kubwa, nikamwambia. Akasema anajua. Akaniuliza autundike wapi. Nikasema popote.

"Popote si mahali," akasema. "Nyumba ni yako. Nionyeshe."

Nikazunguka naye uwani. Karibu na mlango pana asumini ya Ghalia, imepanda mpaka juu, na nikaona macho ya Mahfoudha yameenda pale kwa sababu ndipo penye kivuli na upepo. Kisha nikaleta ngazi, nikapiga msumari kwenye boriti, kando ya asumini, na yeye akashika ngazi.

Tukaujaza, tukaketi chini yake na mama, tukasubiri. Mtungi unaojazwa mara ya kwanza katika msimu huchukua saa nyingi kabla maji hayajapoa. Ulikuwa unatoa jasho, tone moja moja, na yale matone yanaangukia kwenye mizizi ya asumini. Ilipokaribia adhuhuri akanichotea. Maji hayakuwa baridi sana. Yalikuwa na ladha ya udongo, na nilikunywa kikombe chote.

Mdogo wako,
Nadhir